Kamba, Pipa na Breki Kubwa

"Mwaga maji kwanza," mzee alisema. "Lami iwe imelowa."

Muuzaji alitazama juu. Jua lilikuwa linawaka kama limetumwa. Lakini mteja ni mteja, na huyu muuzaji, ambaye wenzake walimwita Sukari kwa ajili ya ulimi wake, angeweza kumuuzia mwenye kipara kitana. Akamwita mwosha magari na mpira wake wa maji, na njia ndefu ya majaribio nyuma ya duka ikamwagiwa maji mpaka ikang'aa.

Walikuwa wamefika hapo baada ya maneno mengi. Gari lenyewe halikuwa na ubishi: dogo, jekundu, milango miwili, la kumfanya mtu mzima ajisahau. Ubishi ulikuwa kwenye kifurushi cha spoti, kile cha kulipia zaidi, chenye breki kubwa, matairi mapana na springi ngumu. Mzee hakuuliza habari za injini wala mngurumo. Alitaka kujua jambo moja tu: breki hizo zina faida ya kweli, au ni urembo?

"Na gari ni la nani, mzee wangu? Usiniambie ni lako!" Sukari alicheka.

"La binti yetu. Ugonjwa wa magari ulimshika tangu chekechea."

"Si umpe mtoto raha yake!"

"Mama yake alisema kifurushi ni madoido. Na yeye ndiye aliyekuwa anamwongezea hela."

Sukari alichungulia upande wa geti. Mke wa mzee alikuwa amebaki kwenye gari lao kuukuu, kule nje, mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Chai alikataa, maji alikataa, hata salamu aliijibu kwa kichwa. Kumbe kikwazo ni yule, Sukari akajisemea moyoni. Wa namna hiyo alishawaona wengi, na dawa yao aliijua.

"Mama akisikia habari za breki hizi, atalainika tu," alisema. "Twende ukajionee mwenyewe."

Hapo ndipo mzee alipotoa kamba kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa kamba ya kuanikia nguo, chafu, ina tope lililokauka. Aliinyoosha juu ya lami polepole, akairekebisha, akainyoosha tena, mpaka mwosha magari akaanza kucheka chini chini. Kisha akakokota pipa tupu la plastiki na kulisimamisha pale kamba ilipoishia.

"Unakuja na spidi ya themanini," alimwambia Sukari. "Usizidishe, usipunguze. Ukifika hapa kamba inapoanzia ndipo unaliona pipa. Kabla ya hapo hulioni. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa. Ila mzee, umbali wenyewe mbona mdogo hivi?"

"Ndio uliokuwepo."

Haya, mteja kasema. Sukari alianza na gari la kawaida, lisilo na kifurushi. Alikuja nalo, akafika kwenye kamba, akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likaserereka. Pipa likaruka juu na kwenda kuangukia uzioni, puu!

Mzee alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alilifuata pipa mwenyewe, akalifuta maji kwa mkono wa shati, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso, akalirudisha mahali pake.

"Umeona?" Sukari alipaza sauti. "Hilo ndilo gari la watu wanaobana hela. Sasa ngoja uone la wenye akili!"

Akaenda kuchukua lenye kifurushi. Lilipokuja, mzee alisimama ameng'ang'ania ukingo wa shati lake, na midomo ikawa inamcheza. Mwosha magari, aliyekuwa karibu, alimsikia vizuri. "Gonga," mzee alikuwa anasema. "Gonga. Gonga, tafadhali." Mwosha magari akatikisa kichwa. Wateja wagumu jamani! Mtu hataki kutoa hela mpaka anaombea breki zishindwe.

Gari liliinamisha pua, likashika lami, likasimama. Kati ya bampa na pipa ilibaki nafasi ya mtu mzima kulala na kujigeuza.

"Rudia," mzee alisema.

Sukari akarudia. Likasimama palepale.

"Rudia tena, mwanangu."

Likasimama tena. Mzee akachuchumaa palepale kwenye maji, suruali ikalowa, wala hakujali.

Sukari alishuka kifua mbele. "Haya, sema mwenyewe. Faida ipo, haipo?"

"Ipo," mzee alisema. "Ipo sana."

"Basi nenda kamwambie mama ukweli wote! Mwambie umeona kwa macho yako."

Mzee aliinuka, akaikunja kamba, akashukuru. Akapita katikati ya magari mapya mpaka nje ya geti, mahali ambapo njia ya majaribio haionekani. Akaingia kwenye gari lao na kufunga mlango. Mkewe hakugeuka, alikuwa anatazama mbele tu.

"Lilisimama?" aliuliza.

Mzee alimshika mkono.

"Halikusimama," alisema. "La kawaida limegonga, na lenye breki kubwa nalo limegonga. Hata ungemkubalia kile kifurushi, mke wangu, tungemzika tu."