Magharibi Ndani ya Simu

Adhana ya magharibi ilimkuta Kidawa kwenye duka la kupigia simu, Durban, tende imeshafika mdomoni. Tatizo ni kwamba adhana yenyewe ilikuwa inatoka ndani ya simu, kutoka msikiti ulio jirani na kwa mama yake, Dar es Salaam.

"Futuru, mwanangu," mama alisema, mwenyewe akitafuna bila aibu.

Ilikuwa Ramadhani yake ya kwanza ugenini, katikati ya Desemba, na alikuwa ameshinda amesimama kiwandani Jacobs bila hata tone la maji. Akaachama.

"Weye! Jua bado iko!" Mwenye duka, dada wa Kikongo, alimdaka mkono. "Ulaya watu wanasogeza saa. Weye unataka kusogeza jua kwa telefone?"

"Yaya, dada yangu, nyumbani wameshaadhini..."

"Basi enda ukule kwenu!"

Kidawa akaitazama tende. Mwanga ulikuwa unaipiga ubavuni, ikawaka rangi ya asali, hadi kokwa ikaonekana ndani kama kivuli.

"Mama, jua huko limezama kweli?"

"Limezama lote, nawasha taa. Kwani huko liko wapi?"

Kidawa akageukia mlango. Lilikuwa juu ya mabati ya ng'ambo ya barabara, zima, limetulia, wala halina dalili ya kwenda popote kwa saa nzima. Njaa ikamsahau.

Akaishusha tende polepole.

"Mama," akanong'ona, "ninalo mimi."