Mtihani wa Wakandaji wa Nyayo

Hapo kale, miguu ikiuma kama inavyouma leo, chama cha wakandaji wa nyayo kilitangaza mtihani. Atakayefaulu atapewa cheti, na atakayeanguka asiguse tena mguu wa mnyama yeyote.

Pelele alikuja akiwa ameisomea kazi hiyo misimu mitatu. Tumbili alikuja na semina ya siku mbili na kofia iliyoandikwa "Profesa."

Kiboko, mwenyekiti wa chama, akajilaza na kunyoosha mguu wake mwenyewe. "Haya bibie, anza wewe."

Pelele akaugusa, akautazama, akaurudisha chini taratibu. "Huu siukandi, mzee. Umevimba upande mmoja na una moto. Nenda kwa tabibu leo hii."

"Mtihani ni kukanda," Kiboko akafoka. "Umeanguka."

"Misimu mitatu, na bado anaogopa unyayo," Tumbili akacheka. "Sogea, dada, uone wasomi." Akaukanda kwa vidole vyote, tena kwa madaha, mpaka Kiboko akanguruma na kushindwa kusimama.

Wakamkokota hadi kwa tabibu Korongo, aliyechomoa mwiba ndani ya usaha. "Umesukumwa hadi mfupani," akasema. "Nani aliyekukanda?"

"Profesa," Kiboko akajibu kwa sauti ndogo.

Baada ya wiki akachechemea hadi kwa Pelele. "Mwanangu, chama kinauliza, tukupe cheo gani?"

Hasira zilikuwa hazijamtoka Pelele. "Vyeo mtagawana baadaye, mzee. Kwanza tungeni mtihani mwingine, na swali la kwanza liwe hili: ni mguu upi hutaukanda?"