Pete ya Kiunoni

Kabla ya kwenda kukata mvule ulioinamia paa la wodi ya wazazi, Sikitu aliingia dukani kutafuta pete. Ni pete ya chuma inayokaa kwenye kamba fupi, mbele ya mkanda wake wa kupandia. Huko juu mwili mzima huning'inia hapo. Ya zamani ilikuwa imeliwa na kamba.

Mzee Shomvi, mwenye duka, akamtolea mbili: moja inang'aa kama sufuria mpya, nyingine nyeusi, haitamaniki. Sikitu akazitundika kwa uzi, akaigonga ile nzuri kwa ufunguo. Ko! Ikanyamaza.

"Unanunua pete au kengele, mwanangu?"

"Nanunua roho yangu, mzee. Hii ina ufa ndani."

Akaigonga nyeusi. Ikalia, ikaendelea kulia, mpaka wateja waliokuwa wakigombania misumari wakanyamaza.

Basi akaivisha kwenye kamba yake, akajifunga kwenye boriti ya duka, akainua miguu. Akaelea katikati ya ndoo na majembe, mikono ameiachia.

Mzee Shomvi akavua kofia, akasogeza sikio taratibu karibu na pete.