Kifo Kilichoandikwa kwa Delbert Rusk

"Marehemu gani huyu anayepiga simu asubuhi yote hii?" alisema msichana wa ofisi ya kumbukumbu za mikopo, kisha akajuta. "Samahani, bwana. Mdomo umeniponyoka."

Delbert Rusk alicheka kidogo. Alisimama jikoni amevaa koti, pumzi yake ikitoka kama moshi. Mashine ya kupasha nyumba joto iliharibika Jumapili, na benki ikakataa kumkopesha pesa za kununulia nyingine. Taarifa yake ya mikopo ilisema alifariki mwezi Machi.

"Mko wawili wenye jina hilo?" msichana aliuliza. "Baba na mwana?"

"Ndiyo. Jina moja, anwani moja."

"Basi ndiyo hayo. Mafaili yamechanganyika, tunayaona kila siku. Na mkopo huu wa lori?"

Delbert alitazama dirishani. Lori jekundu lilikuwa palepale uani, majani ya mwaloni yamelifunika kioo.

"Lori la marehemu. Mkopo nalipa mimi."

"Si ungewaachia wenye mkopo walichukue tu?"

"Siwezi."

"Pole kwa msiba. Nakutumia fomu, nimeshakujazia karibu yote. Tia saini, ambatisha cheti cha kifo, nasi tutakihamisha kifo kiende kwa mwenyewe. Siku thelathini tu, unafufuka."

Fomu ilifika Ijumaa, pamoja na theluji ya kwanza. Norma, mkewe, aliketi mezani amejitanda blanketi mbili, akikohoa.

"Tia saini, mzee. Nimechoka kulala na viatu."

"Wamekosea mahali."

"Wapi tena?"

Delbert alichukua kalamu. Palipoulizwa marehemu ni nani wako, msichana alikuwa ameandika: baba. Akalikata neno hilo. Juu yake, polepole, akaandika: mwanangu.

Norma aliliangalia neno lile mpaka wino ukakauka. Kisha akaikunja fomu mara mbili, akaitia kwenye droo ya vijiko na kuisukuma kwa kiganja.

"Basi kufa wewe, mzee," alisema. "Mwanetu aishi huko kwenye mafaili yao. Niletee lile koti lake."