Mtihani wa Mzee Columbus

Jotham alimvisha mteja kiatu cha kushoto kwenye mguu wa kulia, kwa sababu kichwani alikuwa Kentucky.

“Frankfort,” alinong'ona akiwa amepiga goti. “Mji mkuu ni Frankfort, si Louisville.”

Mteja, bibi wa Kiingereza mwenye haraka zake, akamwambia kwamba yeye shida yake ni saizi tano tu.

Geeta, mwenzake pale dukani, alicheka mpaka akashika rafu. Alizaliwa Kisumu, akakulia Stanmore, hapa London, na Kiswahili hakikumtoka. “Wewe utafukuzwa kazi kabla hujapata mke,” alisema. “Haya, Wamarekani waliinunua Alaska kwa nani?”

“Kwa Warusi. Mwaka wa 1867.”

“Ziwa lililo juu ya Ohio?”

“Erie. Niulize magumu basi!”

Utasema kijana alikuwa anajitesa bure. Wala! Jotham hakuwa na haja na Amerika hata chembe. Haja yake ilikuwa Lorraine, na Lorraine alikuwa na baba.

Baba mwenyewe ni Mzee Naftali wa Barking, na Wakenya wote wa mashariki ya London walimwita Mzee Columbus. Alisoma miaka sita huko Columbus, Ohio, kabla ya kuhamia London na kuoa, na hakuna harusi wala matanga ambayo hakuwasimulia watu. Theluji ya kule, si hii ya hapa ya kuchezea. Bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, Novemba. Picha zake zote zilipotelea kwenye sanduku uwanja wa ndege, masikini, lakini mdomo ulikuwa mzima.

Sasa mwaka ule wa 1997 Mzee akaja na sharti jipya. Hakuna wazee watakaopokelewa nyumbani kwake kuleta posa kabla kijana hajaja peke yake, akanywa chai na kujibu maswali ya Amerika. Tayari alikuwa amewarudisha wawili. Daktari wa meno alisema mji mkuu wa Amerika ni New York. Mhasibu alichanganya Ohio na Iowa, akaonyeshwa mlango hata andazi hajamaliza. Kama hao na shahada zao walianguka, muuza viatu wa Stratford angefika wapi?

“Ukikosa, baba hageuki,” Lorraine alimwambia kwa simu siku ya Ijumaa, na hakuwa akitania. “Nami sitaolewa bila baraka zake, Jotham. Unanijua.”

Alimjua. Alimpenda msichana yule mpaka akajionea aibu mwenyewe. Alirudi kwenye kitabu cha maktaba, akasoma tena majimbo yote tangu mwanzo.

Jumamosi mchana Mama Peris, mamake Lorraine, ndiye aliyemfungulia mlango. Alikuwa ametoka kutandika kitanda cha mgeni wa kesho, mto ungali kwapani. Alimtazama Jotham kwa huruma kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Mzee Naftali alikuwa mezani tayari, suti kamili, miwani puani, daftari na kalamu mbele yake.

“Majimbo?”

“Hamsini, mzee.”

“Dogo kuliko yote?”

“Rhode Island.”

“Bata mzinga analiwa siku gani?”

“Alhamisi ya nne ya Novemba.”

“Polepole, kijana. Ya nne?”

“Ya nne.”

Mzee akaandika, akapiga mstari chini yake. Akauliza mengine. Akauliza mengine tena. Chai ya Jotham ikapoa, ikapiga utando, na jasho likamtiririka mgongoni. Lorraine alisimama kando ya kabati akitafuna kucha. Hakuwa na habari na rangi aliyoipaka asubuhi.

Kisha likaja la mwisho.

“Mtu yuko Columbus. Anataka kwenda Cleveland kuliona ziwa. Anaelekea upande gani, na kwa gari ni mwendo gani?”

Alaa! Hilo halikuwamo kitabuni. Jotham akafumba macho, akaivuta ramani akilini, akapima kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Mama Peris alikuwa anaomba kwa sauti ya chini na hakujali nani anamsikia.

“Kaskazini mashariki,” Jotham alisema. “Maili mia moja na arobaini hivi. Saa mbili na kitu, kama hakuna foleni.”

Mzee akaandika mpaka nukta ya mwisho. Akaweka kalamu chini, akavua miwani.

“Lorraine,” alisema, “umepata mume.”

Mama Peris alipiga vigelegele hadi jirani wa juu akagonga sakafu. Lorraine alicheka huku analia, akamrukia Jotham, akakumbuka baba yupo, akamwachia. Jotham alifurahi mpaka akanywa ile chai yenye utando, yote, kwa pumzi moja.

“Njoo jikoni,” Mzee akamwambia. “Kuna maneno ya wanaume.”

Akaufunga mlango nyuma yao, akafungulia bomba maji yapige kelele.

“Shemeji yangu, kaka yake Mama Lorraine, anatua Heathrow kesho,” alinong'ona, daftari amelikumbatia kifuani. “Amekaa Columbus miaka kumi na mitano, na anasema hamu yake kubwa ni tuketi mimi na yeye tukumbushane ya kule. Wewe utakaa kulia kwangu. Nikikohoa, jibu wewe.”

“Lakini mzee, si ulisoma kule miaka sita?”

Mzee Naftali akautazama mlango, akazidisha maji.

“Leicester, mwanangu, hapa hapa Uingereza. Kiwanda cha soksi.”