Salamu za Gideoni wa Chuno

Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa pini kwa sababu zipu yake ilikwisha kung'oka meno. Veronika alilikalia kama abiria aliyekwisha kufika stendi, akasikiliza redio.

Basi lingeondoka saa nne. Makondakta walisema wazi kuwa ndilo la mwisho. Ulikuwa mwisho wa Februari 1995, mvua ilikuwa karibu kuikata njia huko Rufiji, na baada ya hapo Mtwara ingebaki kisiwa mpaka Juni. Kaka yake Stefano alikuwa akimngoja Morogoro. Kati ya Veronika na safari hiyo kulikuwa kumebaki kipindi kimoja tu cha salamu. Alitaka kuyasikia yale majina kwa mara ya mwisho. Mtu anayevunja ndoa ya miaka kumi na tisa hutaka kuwa na hakika.

Mume wake, Gideoni, karani wa bandarini, alikuwa na mapenzi mawili duniani. La kwanza ni samaki. Katika chumba cha uani aliweka tangi la kioo, akalijaza maji ya bahari aliyoyabeba kwa madumu juu ya baiskeli kutoka Shangani. Mwaka mmoja Veronika aliliongezea maji ya bomba, kwa nia njema. Asubuhi walikuta samaki saba wanaelea, matumbo juu. Gideoni hakupiga kelele. Alinunua kufuli.

Penzi la pili lilikuwa kadi za salamu. Kila wiki aliandika moja, akabandika stempu, na Jumamosi, posta isipochelewa, mtangazaji aliitangazia nchi nzima: Gideoni wa Chuno, Mtwara, anawasalimu Anjum, Witness, Salma na Martha.

Wanawake wanne. Veronika hakuwahi kumtia machoni hata mmoja.

"Mama Baraka, mzee wako ana orodha ndefu kama kwaya ya Pasaka," jirani yake Joyce alimwambia siku moja bombani.

"Kwaya ina mabesi, shoga yangu. Hii ni sauti ya kwanza tupu."

Walicheka wote wawili. Veronika aliacha kucheka kabla ndoo haijajaa.

Aliwahi kumuuliza. Gideoni alijibu kwa vipande, kama mtu anayetema miiba.

"Anjum ni wa Mikindani. Mkorofi kidogo, lakini mzuri."

"Na Salma?"

"Wa Msimbati. Alikuja na Witness."

Basi. Hakuona haya wala hakuongeza neno.

Mwezi wa kwanza alitoka chumba cha uani macho mekundu, akaisukuma sahani ya ugali. "Martha amefariki," alisema. Moyo ulimchoma Veronika, lakini msiba ni msiba. Alijitanda khanga, akatia mchele kwenye kikapu, akaizunguka Chuno nzima akiulizia matanga. Watu walimtazama. Martha yupi? Jioni alirudi na mchele wake vilevile.

"Ameshazikwa," Gideoni alisema.

Usiku huohuo Veronika alimwandikia Stefano.

Kisha, wiki tatu zilizopita, Gideoni alikatiza uani akipiga mluzi. "Nimepata mgeni," alisema, asitaje ni nani. Veronika akaanza kukunja nguo zake.

"Na sasa kadi kutoka Mtwara," redio ilisema.

Aliushika mkanda wa begi.

"Gideoni wa Chuno anawasalimu Anjum, Witness, Salma..."

Alikuwa akihesabu kwa vidole, akilingojea jina la huyo mgeni.

"...na kwa namna ya pekee, Veronika. Ujumbe wake: usijifiche, sogea karibu nikuone."

Mkanda ulimponyoka.

Hakuna aliyemwita jina hilo Mtwara. Tangu alipozaliwa mwanawe, ambaye sasa alikuwa anasoma Tabora, yeye alikuwa Mama Baraka: bombani Mama Baraka, kanisani Mama Baraka, kwa mume wake Mama Baraka hata taa ikizimwa. Veronika alibaki kwenye cheti cha ndoa, chini ya nguo za sandukuni. Na leo nchi nzima imemsikia.

Kumbe alilikumbuka. Kumbe alikuwa akimwona, miaka yote hii, amejikunyata jikoni mwake na hasira zake.

Alichomoa pini. Gauni moja baada ya jingine, alivirudisha vitu vyake kabatini. Honi ya basi ililia mara mbili barabarani, ikafifia kuelekea Mikindani. Hakuchungulia. Alikuwa mbele ya kioo, anajipaka mafuta. Alivaa kitenge cha Krismasi, akachemsha chai ya tangawizi, akatoa kikombe cha wageni.

Kufuli la chumba cha uani lilikuwa linaning'inia wazi. Alisukuma mlango kwa kiwiko.

Gideoni alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, redio ndogo pembeni yake. Samaki watatu wanono walikuwa wanazunguka juu. Wa nne, mwembamba, rangi ya majivu, alikuwa amejibana nyuma ya jiwe.

"Umesikia, Veronika? Wamekusoma." Aligonga kioo kwa ukucha, taratibu kabisa. "Toka basi, usiogope. Salma, mpishe mwenzako."

Veronika alisogea hatua moja, kikombe mkononi.

"Mama Baraka," Gideoni alisema bila kugeuka, "chai weka hapo chini. Na usiguse maji."