Kioo cha Kushoto

Mzee aliingia duka la vipuri la kampuni ya magari akiwa amekumbatia taulo jeupe la kuogea. Ndani ya taulo kulikuwa na kioo cha pembeni, kimepasuka vipande vitatu, nyaya zikining'inia. Alikilaza juu ya kaunta polepole, kisha akageuka kutazama mlangoni.

"Nataka kama hiki hiki," alisema. "Kipya. Na kiwe kimefungwa kabla ya saa saba."

Binti wa kaunta alitazama saa ya ukutani. Saa tano na robo. Alishapokea vipuri vilivyobebwa kwenye magazeti, kwenye mifuko, hata kwenye sufuria, lakini vya kuogeshwa ndiyo kwanza aone.

"Gari liko wapi, mzee wangu?"

"Nje hapo. Nimelificha nyuma ya lori."

"Umelificha?"

"Nimeliegesha."

Asubuhi ile Jenerali alikuwa amekwenda kupimwa macho, na angerudi saa saba. Nyumba nzima ilimwita Jenerali, ingawa jeshi alilijua kwa kulisikia redioni tu. Kwa nini macho yale yapimwe, mzee hakuelewa, maana yalikuwa yakiona alama ya kidole mlangoni kutoka hatua ishirini. Jenerali alipanda basi kama ilivyokuwa desturi yake kwa shughuli zake, kwani gari lile hakulitumia hovyo. Ufunguo ukabaki juu ya friji.

Mzee aliutazama ufunguo ule kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Akajiambia anakwenda kununua gazeti tu, mara moja, gea ya kwanza inatosha. Barabarani hakufika. Nguzo ya geti ilikuwa pale pale ilipokuwa miaka yote, na bado wakakutana.

Binti alitoka nje kusoma namba ya chasisi, akarudi, akaiingiza kwenye kompyuta. "Cha kwako kinajikunja kwa umeme au unakikunja kwa mkono?"

"Kinajikunja tu."

"Unabonyeza wapi?"

"Mimi sibonyezi," mzee alisema kwa unyonge.

Binti aliinua nyusi, akaendelea kuandika. Kisha vidole vikasimama. "Kimebaki kimoja. Na hicho kina mwenyewe, ameomba tumwekee, anakuja kukichukua jioni."

Mzee alivuta kiti cha wateja, akakaa, taulo likiwa magotini.

"Mwanangu, nisikilize. Miezi mitatu iliyopita nililikwaruza kidogo tu, pale nyuma, kama ukucha. Jenerali hakunisemesha siku nne. Siku ya tano akaniambia, 'Ukiligusa tena hili gari, mimi na wewe basi.' Na yule hatanii. Karanga garini haziliwi. Mlango unafungwa kwa vidole viwili. Mwenzako nimezoea."

"Makubwa! Mmekaa wote muda gani?"

"Miaka kumi na tisa."

"Na kwa kioo tu kibarua kiote nyasi?"

"Ndicho ninachokiogopa. Umri huu, nianze na mtu mgeni? Nimfundishe mimi nikoje, na yeye anifundishe yeye yukoje?" Alimpenda Jenerali, na alimwogopa, na wala hakuona haya kukiri yote mawili mbele ya foleni.

Nyuma yake mama mmoja aliyeshika tairi la akiba alisema, "Mpeni huyo baba kioo, jamani."

"Mabosi wengine hawana utu," binti alisema, tayari amekwishainuka. Mzee alifungua mdomo, akaona foleni ilivyo ndefu, akaufunga. "Huyo wa jioni nitampigia, aje Jumatatu. Lakini bei yake imechangamka, nakwambia mapema."

"Kifungwe tu."

"Hata hutaki nikuombee punguzo? Mshahara wote huo!"

"Kifungwe, mwanangu, saa zinakwenda."

Fundi alikifunga kwa dakika ishirini, akipiga mluzi muda wote, na kila aliposimama kutafuta bisibisi mzee alitazama saa. Saa sita na nusu alikuwa njiani kurudi, amekumbatia usukani, baiskeli zikimpita. Getini alishuka mara mbili kupima nafasi kwa mikono. Akaliingiza gari, akaufuta usukani kwa lile taulo, akarudisha ufunguo juu ya friji. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi kibarazani na gazeti la jana Jenerali alipoingia.

Jenerali hakusalimu. Alilizunguka gari, mikono mgongoni. Akafungua mlango wa mbele.

"Nani kakisogeza kiti changu?"

"Nilikuwa natafuta miwani," mzee alisema kutoka nyuma ya gazeti.

Jenerali aliguna, akakirudisha kiti nyuma. Alipita upande wa kushoto, akasimama mbele ya kioo. Akainama. Akakipulizia pumzi, akakifuta kwa kiwiko, akajitazama kulia, akajitazama kushoto. Mzee alikuwa amesoma neno moja la gazeti mara tisa.

"Leo kinang'aa," Jenerali alisema hatimaye.

Mzee alikunja gazeti, akashusha pumzi ndefu, akajisikia mwepesi kama mtoto siku shule inapofungwa. Jenerali alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akaja kumfungulia mlango wa nyuma.

"Haya, bosi, panda," alisema. "Wafanyakazi wako wanakusubiri kikaoni tangu asubuhi."